Somo la Mwezi: Tupimeje Kazi ya Kuwapeleka Watoto Shambani na Msituni?



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja jambo ambalo halizungumzwi sana katika vikao vyetu, ingawa latugusa sote. Siku hizi sharika nyingi na shule nyingi zina kazi za kuwakaribisha watoto kwenye ardhi, miti na wanyama: bustani za mboga, vitalu vya miche, safari za kwenda msitu wa Nou au chini ya mlima Hanang, tena michezo ya uwanjani. Wanaozianzisha kazi hizo husema kwamba zawapa watoto afya njema. Yamkini ni kweli. Lakini twajuaje? Hilo ndilo swali la somo hili.

Kwanza yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika tuliokuwa tukiutumikia, tuliwaagiza watoto wa Kipaimara wapande miti kuzunguka kanisa, kila mtoto na miche yake. Tulisema kwamba kazi hiyo itawapa nguvu za mwili na furaha ya moyo. Miche ilipandwa, tukaihesabu, tukaandika taarifa, nasi tukapongezwa. Kisha kiangazi kikaja. Kijito kilichokuwa karibu kikakauka, na watoto wakalazimika kuteka maji mbali. Wavulana wengi walikuwa machungani na ng'ombe za baba zao, basi kazi ikawaangukia wasichana.

Siku moja bibi mmoja mzee alikuja na mjukuu wake, akasimama mlangoni, akasema kwa upole: “Baba Mchungaji, miti yenu imekunywa maji leo. Huyu mjukuu wangu hajanywa hata uji, wala shuleni hakufika.” Tulikosa la kumjibu. Katika taarifa yetu hesabu ya miti ilikuwamo. Hesabu ya watoto haikuwamo.

Tangu siku ile twajiuliza jinsi ya kupima kazi za namna hii. Haya tunayoyaandika ni matunda ya kujiuliza huko.

1. Tumaini lililo jema

Tusianze kwa kudharau. Wanaosema kwamba kukaa nje kwamfaa mtoto hawasemi maneno matupu. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lasema kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 yampasa kuutumikisha mwili wake kwa bidii kiasi cha dakika 60 kila siku, akihesabu wastani wa juma zima. Mtoto anayeshinda ndani ameketi mbele ya kioo cha simu atazipata wapi dakika hizo?

Tena uko mfano mmoja uliopimwa vizuri, nao watoka mbali, katika mji wa Guangzhou huko China. Watoto wengi wa miji ile huwa hawaoni vizuri vitu vilivyo mbali, na macho yao huzidi kudhoofika kadiri wanavyoendelea na masomo. Tangu mwaka 2010 waganga walizichukua shule 12 za msingi. Shule 6 zilichaguliwa kwa kura, nazo zikaongezewa kila siku ya masomo kipindi kimoja cha dakika 40 cha kukaa nje. Shule nyingine 6 ziliendelea na desturi yao. Watoto walikuwa wa darasa la kwanza, na macho yao yalipimwa kwa muda wa miaka 3. Mwishoni, katika shule zilizotoka nje, watoto wapata 30 katika kila 100 walikuwa wamepata ugonjwa ule wa kutoona mbali. Katika shule nyingine walikuwa karibu 40 katika kila 100.

Tazameni jinsi jambo lilivyo dogo: dakika 40, wala hapakuwa na dawa wala chombo cha thamani. Lakini tazameni pia jinsi walivyojua kwamba limefaa. Hawakuwauliza walimu kama walifurahi. Walichagua jambo moja, yaani macho. Walilipima mwanzo na mwisho. Nao walikuwa na watoto wengine wa kulinganisha nao. Mambo hayo matatu tuyaweke moyoni, maana tutayarudia.

2. Watoto wetu si watoto wa Guangzhou

Hata hivyo tusichukue mfano wa mji mkubwa na kuutia hapa kwetu kama ulivyo. Mtoto wa Mwiraqw anayechunga ndama tangu akiwa na miaka sita, na mtoto wa Mbarbaig anayefuata ng'ombe hadi jioni katika nyanda za Hanang, hawakosi jua wala mwendo. Wao wako nje tangu asubuhi. Mtu akija kuwaambia wazazi wao kwamba ameleta mpango wa kuwatoa watoto nje, wazazi watacheka, nao watakuwa na haki.

Ikiwa kukaa katika pori peke yake kungeleta afya, basi watoto wa Wahadzabe wa bonde la Yaeda wangekuwa na afya kupita watoto wote wa dunia. Watoto hao huchuma matunda, huvunja ubuyu, huchimba mizizi, na hujua majina ya miti mingi ambayo sisi twaiita kwa neno moja tu, miti. Watu wazima wa kabila hilo wamepimwa kwa vyombo, ikaonekana kwamba hutumia zaidi ya dakika 75 kila siku katika mwendo wa bidii, na mioyo yao ni mizima hata uzeeni. Jambo hilo ni la kustaajabisha. Lakini wataalamu waliokaa kwao miaka mingi, tangu miaka ya 1980, waliandika pia jambo la huzuni: yapata mtoto mmoja katika kila watano alifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na karibu nusu ya waliozaliwa hawakufika miaka 15. Pori lile lile liliwapa wakubwa moyo wenye nguvu, wala halikuwakinga wadogo na homa na kuhara.

Tusogee karibu zaidi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kazi yake mwaka 1955, ilishiriki katika utafiti mkubwa ulioitwa MAL-ED, ulioanza mwaka 2009 katika nchi 8: Bangladesh, Brazil, India, Nepal, Pakistan, Peru, Afrika Kusini, na Tanzania. Kwetu Tanzania mahali palipochaguliwa palikuwa Haydom na vijiji vyake. Watoto waliandikwa mara baada ya kuzaliwa, wakafuatwa nyumbani kwao juma kwa juma. Iligunduliwa kwamba vijidudu vya magonjwa vilikuwa matumboni mwa watoto wengi hata siku ambazo hawakuharisha. Na hapa Haydom zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa walipofika miezi 24, yaani walikuwa wafupi kupita ipasavyo kwa umri wao.

Hao ni watoto waliozaliwa katikati ya mashamba, wakatambaa katika udongo wa ua, pamoja na kuku na mbuzi na ndama. Hakuna aliyewatenga na ardhi. Basi twajifunza nini? Twajifunza kwamba udongo una mboga, tena una safura. Maji yana uzima, na maji yaliyotuama yana kichocho. Mlima una chemchemi, na mlima huohuo waweza kuporomoka. Wa Hanang hawahitaji kuambiwa hilo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe na magogo yalishuka kutoka mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, yakapita Katesh na vijiji vya karibu, na zaidi ya watu 80 wakafariki, watoto wakiwa miongoni mwao.

Kwa hiyo kwetu swali haliwi, “Je, watoto wanakaa nje?” Swali letu ni hili: “Wanapokuwa nje wanafanya nini, wanapata nini, nao wanapatwa na nini?” Mpango usioweza kulijibu swali hilo haujapimwa bado, hata kama taarifa yake ina kurasa nyingi.

3. Makosa manne ya kupima

Tumeona makosa manne ambayo hurudiwa mara kwa mara katika taarifa za kazi hizi. Tuyataje moja moja.

Kosa la kwanza ni kuhesabu vitu mahali pa watoto. Twaandika idadi ya miche, majembe, safari na fulana. Vitu hivyo ni njia, si mwisho. Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1980 na 1990 twalikumbuka shamba la shule. Mwalimu Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka mtoto ajifunze kwa mikono yake, tena ale jasho lake. Palipokuwa na mwalimu mwenye moyo, mahindi na maharage ya shamba lile yalirudi kwa watoto kama uji na makande, nao walijifunza kwa nini mboji hurutubisha ardhi. Mahali pengine watoto walilima tu, na mavuno hawakuyaona tena. Ekari zilikuwa zilezile, na majembe yalikuwa yaleyale. Mtu aliyehesabu ekari asingeona tofauti yoyote. Aliyemtazama mtoto angeiona mara moja.

Kosa la pili ni kukosa wa kulinganisha nao. Wako waliofanya kazi nzuri katika wilaya ya Mbulu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakichunguza minyoo ya tegu iliyo katika nguruwe, ambayo mayai yake yakimwingia mtu, mabuu yake yaweza kufika hata ubongoni na kuleta kifafa. Walitoa mafunzo kwa baadhi ya wafugaji, na wengine hawakupewa bado. Baadaye waliwauliza wote maswali. Maarifa ya waliofundishwa yalikuwa yameongezeka sana. Lakini maarifa ya wasiofundishwa nayo yalikuwa yameongezeka karibu sawasawa! Kama wangewauliza waliofundishwa peke yao, wangejisifu bure kwa jambo ambalo huenda lilitokana na habari zilizoenea vijijini, au na maswali yenyewe ya kwanza. Hawakuishia hapo. Waliwapima nguruwe pia, na hapo tofauti ikaonekana: kwa wafugaji waliofundishwa, maambukizo mapya yalipungua kwa karibu sehemu 43 katika 100. Basi, ndugu, mafunzo yalifaa, lakini si mahali ambapo wengi wangetazama.

Kosa la tatu ni kupima majira badala ya kupima kazi. Hili ni kosa letu sisi wakulima. Tuseme usharika waanzisha bustani ya watoto mwezi wa Februari, wakati ghala nyingi zimekaribia kuwa tupu na mavuno bado. Watoto wanapimwa uzito. Kisha wanapimwa tena mwezi wa Julai, mahindi yakiwa yamevunwa na maziwa yakiwa yamepatikana wakati wa mvua. Wote wameongezeka. Je, ni bustani iliyowaongeza? Mtoto asiyejua hata njia ya kwenda bustanini ameongezeka vilevile. Ukitaka kupima mara mbili tu, pima Februari na Februari, au Julai na Julai. Tena kumbuka kwamba mtoto hukua kwa mwaka mzima, hata kama hujafanya neno. Kwa hiyo bado wamhitaji mwenzake wa kulinganisha naye.

Kosa la nne ni kuficha madhara. Mtoto aliyeumwa na nyoka katika safari, msichana aliyekosa shule kwa ajili ya kuteka maji, wavulana walioogelea katika dimbwi la kichocho baada ya kupanda miti: hao hawaandikwi. Twaogopa kwamba waliotoa fedha watazuia mkono. Lakini taarifa isiyo na madhara yoyote ni kama kitabu cha mweka hazina kisicho na matumizi. Mkaguzi akikiona hufurahi? La, huingiwa na mashaka.

4. Mfano wa uaminifu kutoka Haydom

Hapa twataka kuwaonyesha mfano ambao twaona umetuheshimisha sisi watu wa Mbulu mbele ya mataifa, ingawa wengi hawakuusikia.

Baada ya kuona kwamba watoto wanadumaa na kwamba matumbo yao yana vijidudu, wataalamu walidhani hivi: tukiviua vijidudu hivyo kwa dawa, na tukiwapa watoto vitamini ya namna fulani, watakua vizuri zaidi. Lilikuwa wazo lenye maana. Kuanzia mwaka 2017, watoto 1,188 wa Haydom na vijiji vyake waliandikwa wakiwa wachanga. Kwa kura wengine walipewa dawa, wengine vitamini, wengine vyote viwili, na wengine kitu kisicho na dawa ndani yake. Wazazi hawakujua mtoto wao amepata kipi, wala wapimaji hawakujua, ili tamaa ya mtu isiupotoshe mkono unaopima. Watoto walipofika miezi 18 walipimwa urefu. Hapakuwa na tofauti. Dawa haikuwarefusha, wala vitamini haikuwarefusha.

Wangeweza kufanya nini? Wangeweza kutafuta neno jingine la kujisifia, au kunyamaza. Lakini waliyachapisha matokeo hayo mbele ya ulimwengu wote. Kwa sababu hiyo watoto wengi wa nchi nyingine hawatapewa dawa bila faida, na fedha zitatafuta njia nyingine. Akina mama wa Haydom waliowabeba watoto wao kwenda kupimwa mara kwa mara hawakujisumbua bure. Neno “haikufaa” likisemwa kwa kweli nalo ni zao la shamba.

Majirani zetu wa Singida nao wametupa mfano. Kati ya mwaka 2016 na 2019, vijiji 10 vilijifunza kilimo cha kutunza ardhi, malezi na chakula cha watoto, tena jinsi mume na mke wanavyoweza kusaidiana kazi. Vijiji vingine 10 vikalinganishwa navyo. Watoto wa vijiji vilivyofundishwa walikula vyakula vya namna nyingi zaidi. Urefu wao na uzito wao, hata hivyo, haukuonyesha tofauti. Waandishi walisema yote mawili, lililofurahisha na lisilofurahisha. Kwa hiyo msomaji aweza kuwaamini katika lile la kwanza.

5. Twaweza kufanya nini katika usharika?

Wengine watasema, “Hao wana vyombo na madaktari; sisi tuna mizani moja katika zahanati.” Ni kweli. Usharika hauwezi kufanya utafiti kama wa Haydom, wala haupaswi kujidai. Lakini kila usharika waweza kupima kwa uaminifu kadiri ya uwezo wake. Twashauri mambo haya.

Mosi, chagueni jambo moja au mawili ambayo kazi yenu yaweza kuyafikia. Kudumaa huanza tumboni mwa mama, nako huonekana mapema, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Basi bustani ya watoto wa darasa la nne haiwezi kuwarudishia urefu walioukosa, na yeyote aahidiye hivyo adanganya. Lakini bustani yaweza kubadili sahani ya mtoto. Mwulizeni: “Jana, tangu asubuhi hadi usiku, ulikula nini?” Hesabuni namna za vyakula: ugali, maharage, mboga za majani, maziwa, yai, nyama, tunda. Mtoto aliyekula ugali na mlenda tu ana hesabu yake. Aliyeongeza maharage na maziwa ana hesabu nyingine. Haihitaji chombo, yahitaji daftari na mwulizaji asiye na haraka.

Pili, pimeni kabla hamjaanza. Wengi hukumbuka kupima wakati mfadhili amekwisha kuuliza. Hapo mwanzo umekwisha potea, wala haurudi.

Tatu, tafuteni wa kulinganisha nao. Ikiwa usharika una mitaa sita na mbegu zatosha mitaa mitatu tu, msichague kwa upendeleo, wala msianze na mitaa iliyo karibu na barabara. Pigeni kura mbele ya watu. Mitaa mitatu ianze mwaka huu, na mitatu ingoje mwaka ujao, ikijua kwamba zamu yake yaja. Waulizeni watoto wa pande zote mbili maswali yaleyale, siku zilezile. Hivyo haki yatendeka, tena kipimo chapatikana.

Nne, kitazameni kitabu cha mahudhurio ya shule, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Kazi ya afya inayomtoa mtoto darasani yapasa kusimamishwa, hata kama mboga zimestawi. Na wasichana waandikwe mbali na wavulana, maana wastani wa wote waweza kuficha mzigo wa wachache. Kama sisi tungalifanya hivyo mwaka ule wa miti, bibi yule asingalihitaji kuja mlangoni.

Tano, andikeni madhara siku yalipotokea, katika ukurasa uleule wa faida. Tena yazuieni yanayoweza kuzuiliwa: viatu miguuni kwa ajili ya safura, choo na maji ya kunawa karibu na bustani, mboga zioshwe kwa maji safi, watoto wasiingie katika madimbwi, na safari ya mlimani isifanywe wakati wa mvua kubwa.

Sita, wasikilizeni watoto wenyewe. Mwulizeni mmoja mmoja, mwalimu wake asipokuwapo, kama angependa kuendelea na kwa nini. Mtoto mchungaji aliyechoka kwa jua huenda akaomba kivuli na hadithi, na mtoto wa mjini Katesh anayelala bweni huenda akaomba uwanja wa kukimbia. Kumpa kila mmoja analohitaji si upendeleo.

Saba, someni taarifa mbele ya usharika wote, kabla haijapelekwa kwa mtoa fedha. Wamama wanaojua watoto wao watasahihisha mahali tulipokosea.

6. Neno la mwisho

Mtu mmoja aweza kuuliza: “Je, kupima hivi si kukosa imani? Tufanye mema, mengine tumwachie Mungu.” Twajibu kwamba hata mchungaji wa kondoo huwahesabu jioni wanapoingia zizini, wala hawahesabu kwa kuwa hawapendi. Huwahesabu ili ajue ni yupi aliyebaki bondeni. Mwenye mali akitaka hesabu ya talanta aliyoikabidhi, hatatosheka na shairi la sifa. Na mali tuliyokabidhiwa hapa ni watoto.

Kwa upande wetu, tulirudi kwenye ile miti. Wazee walikubali kwamba kila familia iwe na mti wake, na kwamba wakubwa wateke maji kwa zamu. Watoto wakabaki na bustani ndogo karibu na kisima, ambayo mboga zake huliwa Jumamosi baada ya mafundisho. Miti iliyobaki hai ni michache kuliko ile tuliyoiandika katika taarifa ya kwanza. Katika taarifa ya pili tuliiandika hivyo, tukaandika pia habari za wasichana na maji. Tulitazamia lawama. Tuliyoyapata ni maswali mengi, na hayo yalitufaa kuliko pongezi za kwanza.

Maswali ya kuzungumza katika vikao

1. Katika usharika wetu ni kazi zipi zinazowapeleka watoto shambani, msituni au uwanjani? Ni nani anayepata faida yake hasa?

2. Katika taarifa yetu ya mwisho, ni mistari mingapi inayohesabu vitu, na ni mingapi inayosema habari za mtoto?

3. Je, ni madhara gani tuliyoyajua wala hatukuyaandika? Tuliogopa nini?

4. Tukiwa na mbegu za mitaa michache tu mwaka huu, tutachaguaje kwa haki, na tutapimaje?

5. Tukigundua kwamba kazi moja haikufaa, tutasimamaje mbele ya usharika na kusema hivyo?

Jibuni kwa upole, ndugu, na kwa kweli. Nasi twawaomba mtuandikie mtakayoyaona, ili sharika nyingine zijifunze kwenu.